Fimbo Isiyo na Muhuri

Kwa heshima na taadhima, naomba itambulike kwamba wanafunzi wa Sekondari ya Igoje hawakuwa na tabia ya kupinda. Tulikuwa na tabia nyingine, na nyingi kati ya hizo zilikuwa zangu, lakini kwenye paredi tulisimama wima kama watu waliolelewa.

Jumatatu ile tulikuwa katikati ya wimbo wa taifa. Kiranja Mkuu, Gervas Mhagama, alisimama mbele yetu, mikono ubavuni, kidevu juu. Gervas amenyooka kiasi kwamba hata akilala anaonekana yuko kazini. Nikamwona anaanza kuinamia kushoto. Aliinama polepole, bila kukunja goti, kama mlango uliolegea bawaba. Uso haukubadilika. Aliendelea kuimba.

Nikajiandaa kucheka. Kabla sijacheka, nikasikia pumzi ya mtu sikioni.

"Lwitiko," rafiki yangu Tupokigwe alinong'ona. "Angalia mlingoti."

"Umefanya nini?"

"Haujafanya kitu. Umesimama. Ninyi ndio mmelala upande."

Niliangalia. Mlingoti wa bendera ulikuwa umeinamia kulia. Paa la bwalo nalo limeinamia kulia. Nyuma yake mlima, ambao haujawahi kushiriki utani wowote, nao umeinamia kulia. Ama nchi nzima ilikuwa imehama, ama ni mimi. Nikageuza macho kwenye mstari wangu: vichwa vyote, mabega yote, yameinama sawasawa upande mmoja kama mahindi baada ya upepo. Upepo haukuwepo. Na hakuna aliyejua. Kila mtu alikuwa anaimba kwa uchungu wa nchi yake.

Kisha ikaachia.

Sijui niiseme vipi. Ilikuwa kama mtu aliyeshika kamba ya mbuzi akaiachia ghafla ili apate mkono wa kuzibia kicheko. Tuliyumba wote kwenda kulia. Njuka wa Kidato cha Kwanza wakaanguka juu ya wenzao, sweta juu ya sweta. Wimbo ukakatika.

"Lwitiko Mwakyoma!" Mwalimu Kayombo alifoka. Yeye alikuwa mwalimu wa zamu. "Mbele!"

"Mwalimu, safari hii si mimi."

"Safari hii," alirudia, na paredi nzima ikacheka.

Mimi sikucheka. Nilikuwa natazama mikono yangu, na nilikuwa najua kitu ambacho hakuna mwingine aliyekijua pale uwanjani. Kwamba niliyoiona ilikuwa kazi ya mikono hiyohiyo, na kwamba sikuwa nimeifanya.

*

Haki inanitaka nieleze kuhusu mbuzi.

Sote tuna punje, kikompyuta kidogo kama chembe ya mchele. Inawekwa nyuma ya sikio ukiwa mtoto wa chekechea, ndani ya mfupa, na haitoki mpaka hospitali. Humo ndimo unamopigia simu nyumbani, unamosomea, unamofanyia mitihani. Punje zote zinatengenezwa na kampuni ya Ngome, na Ngome haipokei programu ya mtu baki. Ukitaka kuandika programu ya punje, uandike kwa zana ya Ngome, uipeleke Ngome, watu wa Ngome waisome na kuigonga muhuri. Bila muhuri haiingii.

Mwalimu Kayombo, ambaye ndiye anayetufundisha Tehama, aliwahi kutupa swali la mtihani: kwa nini Ngome inazuia programu na zana za watu wengine? Jibu lake lilikuwa, kwa usalama wa mtumiaji. Jibu langu lilikuwa, kwa sababu wanataka tununue kwao tu. Nilipata sifuri. Hadi leo nashikilia kwamba majibu yote mawili yalikuwa sahihi, na hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Patasi ilifika Igoje kama chawa, yaani hakuna aliyekubali kuileta. Ni zana tu. Unaandika unachotaka kwa maneno mepesi kwenye kishikwambi, Patasi inayageuza kuwa lugha ya punje, kisha inapenyeza programu yako kupitia tundu fulani katika ukuta wa Ngome. Nani aliitengeneza, hatukujua. Kwa Patasi niliandika programu yangu ya kwanza, iliyomfanya Gervas asikie mbuzi akilia kila alipotamka neno "nidhamu". Alivumilia kwa wiki nzima. Mwisho akaanza kusema "ile tabia njema", na sisi tukajihesabu kuwa tumechangia kukua kwa lugha.

Programu ya pili ilikuwa Fimbo, na ile haikuwa utani.

Tupokigwe aliugua homa ya uti wa mgongo akiwa mdogo. Alipona, ila homa iliondoka na kile kiungo cha ndani ya sikio kinachokuambia juu ni wapi na chini ni wapi. Masikio yote mawili. Tangu hapo alitembea kwa macho: anashika kitu kwa mtazamo, ukuta, mti, kona ya dirisha, anakiendea, halafu anashika kingine. Umeme ukikatika bwenini anakaa chini palepale alipo. Akinawa uso anaegemea sinki, kwa sababu akifumba macho anaanguka.

Punje iko pembeni kabisa ya mshipa wa kiungo kile. Ngome wenyewe wana programu ya kumsaidia mtu kama yeye. Wazee wa nchi nyingine wanaitumia. Tupoki aliiomba mara nyingi. Kila mara sauti nzuri ilimjibu kwamba huduma hii haipatikani katika eneo lako.

Basi nikamtengenezea Fimbo, ili punje iuambie mshipa ule juu ni wapi na chini ni wapi. Siku ya kwanza aliyoijaribu alivuka uwanja akiangalia mawingu. Tupoki, akiangalia mawingu! Alifika upande wa pili, akageuka, akanitukana tusi moja zuri sana la Kinyakyusa, akaanza kulia.

Hapo ndipo palipoharibika, na naomba ieleweke kwamba tuliharibu kwa wema. Igoje hakuna kula peke yako. Kifurushi kikitoka nyumbani kinafunguliwa katikati ya bweni, na anayeficha hata karanga haongeleshwi. Na Igoje tunachota maji chemchemini, ndoo kichwani, mlima wote. Mtu mmoja akagundua kwamba ukiwa na Fimbo ndoo haimwagiki hata tone. Akaniomba. Ningemnyima vipi? Programu inapitishwa kwa kugusanisha vichwa, sikio kwa sikio. Kufikia mwisho wa muhula shule nzima ilikuwa na fimbo ya mgonjwa kichwani, ili isilowe kola.

*

"Mimi nimeisoma Fimbo yote," nilimwambia Tupoki mchana wa Jumatatu ileile. Tulikuwa stoo, nyuma ya maktaba, katikati ya viti vilivyovunjika miguu. "Hakuna mahali nimeandika watu wainame."

"Umesoma ulichoandika wewe," alisema. "Umesoma kilichotoka?"

"Kilichotoka ni lugha ya punje. Hakuna binadamu anayeisoma."

"Kwa hiyo hujui."

"Tupoki, Patasi ni mkalimani tu."

"Ndiyo nauliza. Wewe unamwambia mkalimani, naye anaongea na vichwa vyetu. Akiongeza lake, utajuaje?"

Nikafungua kishikwambi. Niliandika programu ya kutofanya chochote. Inaanza, inakwisha. Programu bora kabisa kwa mwanafunzi wa Igoje. Nikaipitisha Patasi.

Tukaitazama ilipotoka. Ilipaswa kuwa nyepesi, kijistari kimoja. Ilikuwa nene. Ilikuwa karibu sawa na Fimbo yenyewe.

"Labda ni kosa," nilisema.

Nikaiandika upya. Ikatoka nene vilevile.

Tupoki alirudisha mkono wake taratibu kutoka kwenye kishikwambi, kama ungeurudisha ukikuta nyoka kwenye kabati. "Kuna mtu humo," alisema.

Kulikuwa na mtu humo. Alikuwa amejibanza ndani ya kila kitu ambacho Patasi iliwahi kutengeneza: ndani ya mbuzi, ndani ya Fimbo, ndani ya programu isiyo na kitu. Mwanzoni hakuwa na la kufanya zaidi ya kusikiliza, mpaka fundi mmoja hodari wa Igoje alipomwonyesha jinsi ya kufikia mshipa wa usawa wa mwili. Fundi huyo ana jina, nalo mnalijua.

Lililonitisha zaidi si kwamba alikuwepo. Ni kwamba nilimtambua. Kidogo kwanza, mbele ya watu wengi, wakiwa kwenye jambo zito. Kisha unaachia, unatulia, unaangalia nani anamlaumu nani. Mimi huanza hivyohivyo. Mahali fulani duniani kulikuwa na mtu amekaa, anatucheka, na alikuwa hajamaliza.

"Nitaita Ngome," nilisema.

Kila punje ina maneno mawili ambayo hakuna anayeweza kuyazima. Ukisema "Ngome, njoo", wanakuja. Wanaondoa kila kisicho na muhuri, wanafuata nani alimpa nani, wanasafisha wote, kisha wanaziba tundu. Hawakamati mtu. Mwingine yeyote akiita, wangesafishwa yeye na aliowapa. Nikiita mimi, wangesafishwa wote, kwa kuwa Fimbo zote zilitoka kwangu.

Tupoki alikuwa amekaa juu ya meza iliyopinda, miguu inaning'inia. "Na yangu?"

"Yako pia."

"Utaiandika tena."

"Kwa tundu lipi?"

Nje, njuka walikuwa wanafagia.

"Jumamosi nakimbia mchakamchaka," alisema. "Tangu Kidato cha Kwanza nakaa getini na mlinzi, Mama Sanga, nahesabu masweta ya wenzangu. Jumamosi hii nimepangwa kwenye mstari. Nimeshampigia mama."

"Tupoki, uliwaona wale watu leo?"

"Niliwaona. Mimi ndiye niliyekuonyesha." Akaruka kutoka kwenye meza, akatua sawasawa, akaangalia miguu yake kama vile ni viatu vipya. "Watu waliinama, wakainuka. Hakuna aliyevunjika. Sijasema usiite. Nasema nipe Jumamosi. Jumamosi mchana, ita."

Nilipaswa kusema hapana. Kila mtu mwenye akili anajua nilipaswa kusema hapana, na kila mtu mwenye akili hakuwepo stoo kuangalia uso wake.

"Jumamosi mchana," nilisema.

*

Jumamosi ilikuja na ukungu. Wale wasiojua ukungu wetu wafikirie wamefunikwa uso na taulo lililolowa.

Tulitoka getini kwa mstari, wawiliwawili. Gervas mbele, akiongoza. Mchakamchaka wa Igoje una sheria moja tu: kiongozi akitupa neno, shule inalirudisha, na miguu haisimami. Barabara inazunguka kilima, inapita juu ya machimbo ya zamani ya mawe, inarudi. Imepangwa mawe yaliyopakwa chokaa pande zote mbili ili mtu asipotee.

"Shule!" Gervas aliita.

"Igoje!"

"Maharage!"

"Yana nyama!" tulijibu, na sote tulijua ni nyama ya aina gani.

Tupoki alikimbia kando yangu. Viwiko vyake vilikwenda kila upande kama bata anayepiga mbio, kwa sababu hakuna aliyewahi kumfundisha mikono inawekwa wapi. Alikuwa anacheka bila sauti. Kwa muda nilisahau kuogopa.

Kisha akaacha kucheka.

"Lwitiko. Mawe yako wapi?"

"Mawe gani?"

"Meupe. Ya barabarani. Nilikuwa nayafuata upande wangu. Hayapo."

Nikaangalia chini. Nyasi. Tulikuwa tunakimbia juu ya nyasi, na kwa jinsi miguu yangu ilivyojua, tulikuwa hatujakata kona wala kupinda. Barabara ilikuwa inashuka tu, mteremko mtamu, unaokubeba wenyewe. Lakini barabara ya kilima haishuki mahali pale. Pale ni tambarare, na kushoto kwake ni machimbo.

"Simameni!" nilipiga kelele.

"Simameni!" shule nzima ilijibu kwa mdundo, na miguu haikusimama.

"Machimbo!"

"Machimbo!"

"Mtakufa!"

"Mtakufa!" waliitikia kwa furaha, na nyuma nikasikia mtu akisema, huyo Lwitiko huyo, leo katunga kali. Naapa sijawahi kuogopa kitu kama nilivyoogopa sauti zile zilizopangika vizuri. Nilimshika aliyekuwa mbele yangu sweta. Alijaribu kusimama kweli, nilimwona akijaribu, lakini mwili wake uliamini uko mlimani kwenye mteremko mkali, na mguu ukienda, mwingine unaufuata. Wangu nao ulikuwa unakwenda. Nililala kifudifudi, nikashika nyasi kwa mikono yote miwili, na bado nilihisi nateleza, wakati sikuwa nateleza.

Tupoki alinipita.

Fimbo yake ilikuwa inamdanganya kama zetu. Ila yeye amekua na masikio yasiyosema kweli, na alikuwa ameshaamua siku nyingi kuamini macho. Aliona mgongo wa Gervas, akaukazia macho, akaufuata akipita pembeni ya mstari. Nikamwona kwenye ukungu akimrukia kiunoni. Kisha Gervas akaacha kuita.

Nilitambaa kuwafuata. Pale mbele nyasi ziliisha. Ukingo ulikuwa hapo, umekatwa kama mkate, na chini yake ukungu mweupe. Tupoki alikuwa amesimama kwenye ncha kabisa, mgongo wake kwenye shimo, kisigino kimekita kwenye jiwe, mikono miwili imemsukuma Gervas kifuani. Gervas alikuwa amemwelemea, anasukuma kwa miguu bila kutaka, anasema, "Siwezi kusimama, dada, siwezi, siwezi." Na nyuma yake mstari mzima ulikuwa unawajia, wawiliwawili, umeanza kupiga kelele ambazo sasa hazikuwa wimbo.

"Ngome, njoo," nilisema.

"Habari za asubuhi," sauti ilisema ndani ya mfupa wangu. Ilikuwa sauti ya mtu aliyelala vizuri. "Tumegundua programu zisizo na muhuri katika punje yako na nyingine zilizopokea kutoka kwako. Tukiendelea, programu hizo zitaondolewa kwa wakati mmoja, na njia ambamo zilipita itazibwa kwa kudumu. Je, unakubali?"

Kwa wakati mmoja. Nilimwangalia Tupoki. Ukungu nyuma yake, ukungu juu, ukungu pembeni, hakuna ukuta, hakuna mti wa kushika kwa macho. Fimbo ikizimwa, angekuwa hana juu wala chini. Na alikuwa amesimama mahali ambapo hatua moja ya kupepesuka ilitosha.

"Tupoki, kaa chini!"

"Nikikaa wanapita!"

"Wakizima utaanguka!"

"Najua!" Jiwe chini ya kisigino chake lilisogea. Aliniangalia mimi tu, akanikazia macho kama anavyokazia kona ya dirisha. "Sema, Lwitiko!"

"Je, unakubali?" sauti iliuliza tena, bila haraka.

Nimeulizwa na watu wengi nilikuwa nafikiri nini. Sikufikiri. Nilisikia njuka mmoja akimwita mama yake, nikasema, "Nakubali."

Dunia ilirudi mahali pake kwa kishindo. Mteremko ukafutika. Watu wakaanguka chali kwa sababu walikuwa wanavutana na kitu ambacho hakipo tena. Tupoki alifumbua mdomo, mikono yake ikaachia kifua cha Gervas, ikaanza kutafuta hewani, akaenda nyuma.

Gervas alimdaka sweta. Nitasema kwa masikio ya wote: kijana yule, nidhamu au ile tabia njema, hakuiachia sweta ile ilipochanika begani, wala ilipochanika kwapani, mpaka tulipofika wengine tukamshika Tupoki mkono. Jiwe lake lilitangulia chini. Tulilisikia.

*

Ngome walimtuma afisa, Bi Salvina, mwenye gari jeupe na viatu ambavyo matope ya Igoje yaliviheshimu kwa dakika chache tu. Alituhutubia bwaloni. Alisema kwa upole kabisa kwamba tukio hili ndilo linaloonyesha kwa nini Ngome inalinda ukuta wake. Zana ya mtu usiyemjua, alisema, huiweki katikati ya mkono wako na kichwa cha mwenzako. Nilitafuta mahali pa kumbishia, sikupapata.

Tupoki alinyoosha mkono. Alikuwa amekaa mwisho wa benchi, karibu na ukuta.

"Na sisi tuliokuwa tunaitumia kutembea?"

Bi Salvina aliandika kitu. "Tunalifanyia kazi," alisema. Wote tuliokulia nchi hii tukajua maana yake.

Baada ya hapo nilimkuta Tupoki nje, amesimama na kiganja kwenye ukuta wa bwalo. Ng'ambo ya uwanja, mbele ya ofisi ya Mkuu wa Shule, gari jeupe lilikuwa bado limeegeshwa.

"Nitakuuliza mara moja," alisema. "Kuna tundu jingine?"

Nilitaka kusema hapana. Lakini aliniangalia, na yeye macho ndiyo kila kitu chake.

"Lipo moja," nilisema. "Lile la Ngome wenyewe. Nilipowaita, waliingia kwenye punje za shule nzima kwa pamoja. Walipita mlango fulani. Jumamosi asubuhi nilikuwa nimekiacha kishikwambi bwenini kimewashwa, kilikuwa kinaandika kila kinachopita kwenye punje yangu, nilitaka kumnasa yule mtu wa Patasi. Kikaunasa mlango. Mtu akijifanya ni Ngome, anaingia."

"Ungeweza kuniwekea Fimbo."

"Ningeweza kumwekea kila mwenye punje. Nchi nzima. Hata Bi Salvina." Nilijaribu kutabasamu, midomo ikakataa. "Ndiyo maana naogopa. Lakini ukisema nikuwekee, sijui kama nitaweza kukataa. Bora nikuambie ukweli."

 Kidole cha Tupoki kilikuwa kinakwangua chokaa ya ukuta. Nilijua anafikiria mawingu.

"Wewe uliuona mlango ulipofunguka," alisema mwishowe. "Na yule mtu wa Patasi alikuwa humo kichwani mwako wakati uleule. Kabla hawajamfuta."

Nikageuka kuangalia gari jeupe.

"Aliuona," alisema.

"Niite Ngome? Niwaambie?"

"Utawaita kupitia wapi, Lwitiko? Mlango ni uleule."

Nikafunga mdomo haraka, kwa mkono, kama mtu aliyetaka kutapika.

"Yule mama bado yupo," Tupoki alisema. "Tumwambie kwa mdomo, uso kwa uso. Wauzibe na huo." Sauti yake ilitetemeka kwenye neno la mwisho, kisha akaitengeneza. "Twende kabla sijabadilisha mawazo. Nipe mkono, uwanjani hakuna ukuta."

Nikampa mkono. Akakazia macho gari jeupe, tukaanza kuvuka. Alitembea kama zamani, hatua fupi, nzito, anakanyaga kila moja kama anaipigilia. Mimi nilikuwa napanga maneno ya kumwambia Bi Salvina. Tulipofika katikati nikahisi ananivuta kushoto, kidogo tu, kama mtu aliyechoka anavyokuegemea.

"Tupoki, usinivute."

Akasimama. Hakuligeuza jicho lake kutoka kwenye gari.

"Sijakuvuta," alisema.